Aliyetengwa au Aliyeazimwa? Somo la Kutafsiri Karatasi za Safari na Likizo za Mtumishi wa Serikali

1. Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa kwanza nililipa sehemu ya ada yangu kwa kuchapa barua katika duka moja la fotokopi hapa Uvira, kando ya barabara kuu inayotoka Kavimvira mpakani hadi bandari ya Kalundu. Wateja wengi walileta maombi ya kazi na matangazo ya msiba. Mara chache aliingia mtu mwenye karatasi za serikali zilizoandikwa Kifaransa, akaomba ziandikwe kwa Kiswahili kwa sababu anavuka ziwa kwenda Kigoma. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa kuwa mwenye duka alijua nasoma lugha.

Siku moja aliyeingia alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama. Yeye ni mtumishi wa serikali, na wakati huo wizara yake ilikuwa imemtoa kwa muda kwenda kufanya kazi katika mradi mmoja wa uvuvi. Mradi ulikuwa unamtuma Kigoma kwa mafunzo ya wiki mbili. Baada ya mafunzo angechukua likizo yake hukohuko, kwa sababu binti yake aliyeolewa Ujiji alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Aliweka karatasi tatu mezani akasema, «Mwanangu, nizungushie hizi kwa Kiswahili, meli ni kesho.» Nilizifanya kwa saa mbili. Hakuzisoma, aliniamini.

Tafsiri yangu ilikuwa na makosa mawili makubwa. La kwanza lilimkwamisha siku mbili mlangoni mwa mafunzo. La pili lilimfanya arudi kazini siku moja baada ya ile iliyotarajiwa. Katika makala haya ninayachambua makosa hayo pamoja na mengine ambayo nimeyaona tangu hapo, ili wenzangu wa kitivo wasiyarudie. Hoja yangu ni kwamba karatasi ya ofisi ina kazi inayoifanya, na mtafsiri anapaswa kuijua kazi hiyo kabla ya kutafuta neno.

2. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inasema kuwa lugha rasmi ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kwa hiyo huku kwetu mtu anaongea na mkubwa wake kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, lakini karatasi inayompa ruhusa ya kusafiri inatoka kwa Kifaransa. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, barua nyingi za ofisi zinaandikwa kwa Kiswahili. Ziwa ni lilelile na wavuvi wanasalimiana majini, ila mafaili yao hayasalimiani.

Haja ya kusafiri hivi inaongezeka. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mamlaka iliyotokana nao ina ofisi yake Bujumbura, mwendo mfupi kutoka hapa. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila mradi wa pamoja unahitaji watumishi wanaotolewa na wizara zao kwa muda, na kila mtumishi wa namna hiyo anabeba karatasi tatu kama za mjomba: ile inayomtoa wizarani, ile inayomtuma safari, na ile inayompa likizo. Nitazichukua moja baada ya nyingine.

3. Karatasi ya kwanza: «arrêté de détachement»

Neno la kwanza tu ni mtego. «Arrêté» ni uamuzi ulioandikwa na waziri au kiongozi mwingine. Limetokana na kitenzi chenye maana ya kusimamisha, kuamua na pia kukamata. Nimewahi kuona rasimu ya mwanafunzi mwenzangu iliyosema «aliyekamatwa kwa kutenganishwa». «Uamuzi wa waziri» unatosha.

Sasa «détaché». Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu watumishi wa kudumu wa huduma za serikali, iliyochukua nafasi ya ile ya tarehe 17 Julai 1981, inataja hali mbalimbali ambazo mtumishi anaweza kuwa nazo. «Détachement» ni mojawapo. Mtumishi anaacha kwa muda kazi ya wizara yake, anafanya kazi mahali pengine, lakini hajafukuzwa wala hajahama. Jina lake linabaki katika wizara iliyomtoa.

Mimi niliandika «mtumishi aliyetengwa na wizara yake». Kamusi haikunipinga, maana kutenga ni kuweka kando. Lakini hapa Uvira, na Kigoma vilevile, kila aliyekulia kanisani anajua maana ya kutengwa. Mtu ametengwa kwa sababu amekosa, hashiriki meza, anakaa nyuma mpaka atubu. Ofisi iliyompokea mjomba ilisoma barua na kuuliza swali la haki kabisa: mtu ambaye wizara yake imemtenga anakujaje hapa kwa mafunzo? Hawakumfukuza. Walimwambia asubiri mpaka wapige simu. Simu ilichukua siku mbili, na siku hizo mbili jina lake halikuingia katika orodha ya mahudhurio, kwa hiyo hata posho yake ya siku hizo haikutoka. Alilala nyumba ya wageni kwa pesa yake.

Tupime maneno mengine ambayo ningeweza kuyatumia.

«Aliyeondolewa» au «aliyebanduliwa»: haya ni ya mtu aliyepoteza cheo. Ni mabaya kuliko langu.

«Aliyehamishwa»: uhamisho unakata uzi. Aliyehamishwa hana sababu ya kurudi alikotoka, na mwajiri wa zamani hana deni naye. Neno hili halina aibu, lakini linasema uongo kuhusu mshahara na kuhusu cheo.

«Aliyetumwa»: ni kweli ametumwa, lakini hata mhudumu anayepeleka bahasha ametumwa. Neno halionyeshi muda wala nani ni mwenye mtu.

«Kikosi»: nalitaja kwa sababu hapa kwetu ukisema «détachement» watu wengi wanawaza askari waliowekwa mahali. Mtafsiri asiyesoma sentensi nzima anaweza kumgeuza mtumishi wa uvuvi kuwa mwanajeshi.

«Aliyeazimwa»: hili ndilo linalotumika rasmi katika utumishi wa umma wa Tanzania. Mtumishi aliyeazimwa ana mwenyewe, ana aliyemwazima, na siku ya kurudishwa inajulikana. Mambo yote matatu yamo katika neno moja.

Lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kisarufi. Kitenzi «azima» kina pande mbili katika Kiswahili: anayetoa anaazima na anayechukua anaazima. Ukisema «Wizara imeazima mtumishi», msomaji hajui kama wizara imempata mtu au imempoteza. Dawa yake ni kutumia kauli ya kutendwa na kutaja pande zote mbili: «ameazimwa kutoka Wizara fulani kwenda Mradi fulani». «Kutoka» na «kwenda» zinaondoa utata ambao kitenzi kinauacha.

Kasoro ya pili ni ya heshima. Nilipomweleza mjomba baadaye kwamba nilipaswa kuandika «aliyeazimwa», alicheka akasema, «Yaani mimi ni sufuria?» Ana haki. Sisi tunaazima nguo, jembe na viti vya harusi, na wazee wanaonya kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hata hivyo neno likishakuwa la ofisi linapoteza harufu ya jikoni. Hakuna anayesikia «kaimu mkurugenzi» akamdharau aliyekaimu. Nadhani tulikubali, tulifundishe, na tuache muda ulisafishe.

Kuna jozi nyingine ya kuangalia hapohapo. Mjomba ana daraja la «attaché d'administration», na hali yake ilikuwa «détaché». Neno la kwanza ni cheo katika ngazi ya watumishi, la pili ni hali ya muda. Mwanafunzi anayetafsiri kwa mizizi atapata «aliyefungwa wa utawala, aliyefunguliwa», na ng'ambo watadhani ametoka gerezani. Daraja liandikwe kama jina la daraja: «ofisa utawala», na kama ofisi inahitaji uhakika, jina la Kifaransa liachwe mbele yake kama lilivyo.

Na usichanganye «détachement» na «disponibilité». Hii ya pili inasikika kama «kuwa tayari» au «kupatikana», kumbe ni kinyume: mtumishi anatoka kazini kwa muda, hapatikani. Kwa msomaji wa Tanzania iliyo karibu nayo ni «likizo bila malipo».

4. Karatasi ya pili: «ordre de mission»

Hakuna mtumishi wa hapa anayetoka mjini bila karatasi hii. Ina jina, daraja, namba ya utumishi, mahali anapokwenda, sababu, chombo cha usafiri, siku ya kuondoka na ya kurudi, na nani atalipa. Chini yake pana ombi kwa viongozi wa kiraia na wa kijeshi kumsaidia mwenye karatasi. Kwa barabara zetu zenye vizuizi vingi, ombi hilo ni sehemu muhimu kuliko zote.

Neno kwa neno ingekuwa «amri ya misheni». Misheni kwetu ni kwa mapadri, na amri ni ya jeshi au ya Mungu. «Mission» hapa ni «safari ya kikazi». Lakini «ordre» tuiite nini?

«Hati ya safari» inavutia, lakini Tanzania «hati ya kusafiria» ni pasipoti au karatasi inayoshika nafasi yake. Ofisa wa uhamiaji atakayeambiwa kuwa mgeni ana hati ya safari ataomba kuiona, aletewe karatasi isiyo na picha, na mabishano yaanze. «Ruhusa ya safari» inaeleweka kila mahali, lakini ruhusa inaombwa na mwenye haja. Mtu anayepewa ruhusa amependa kwenda, na anayebeba «ordre» amepelekwa, ndiyo maana gharama ni za aliyemtuma. «Kibali cha safari ya kikazi» ndicho ninachopendekeza. Kibali nacho kinaombwa, lakini neno «kikazi» linarudisha mzigo kwa mwajiri, na sentensi ya kwanza ya mwili wa barua inamaliza kazi: «Ndugu fulani anatumwa na Mradi huu kwenda Kigoma».

Mambo manne madogo katika karatasi hii yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni «imputation», mstari unaoeleza mfuko utakaolipa. Baadhi ya wenzangu wanaona neno linalofanana na kushtaki au kubebesha lawama, wakaandika «lawama: mradi». Andika tu «Gharama zitalipwa na».

La pili ni «visa». Nyuma ya karatasi pana nafasi za kugongwa muhuri mtu anapofika na anapoondoka, na juu yake pameandikwa «visa» au «vu». Hiyo siyo viza ya kuingia nchini. Maana yake ni «imeonekana». Hapa Uvira tunasema «kupigisha kashe», na kwa Kiswahili cha ofisi ni «muhuri wa kufika» na «muhuri wa kuondoka». Mtumishi akirudi bila mihuri hiyo ni kama hakwenda.

La tatu ni pesa. «Frais de mission» za siku kwa siku Tanzania zinaitwa «posho ya kujikimu», na pesa inayotolewa mapema ili itolewe hesabu baadaye ni «masurufu». Neno «posho» lenyewe limesafiri. Katika migodi ya Katanga lilikuwa chakula ambacho mfanyakazi alipimiwa, hata Jumamosi ikaitwa «siku ya posho». Uganda posho ni ugali. Mtanzania akisema «posho yako ipo», anamaanisha noti. Mama yangu alipohadithiwa kwamba mjomba alikosa posho siku mbili aliuliza kama alilala na njaa. Kwa sehemu alikuwa amepatia.

La nne ni saa. Uvira na Bujumbura ziko saa mbili mbele ya saa ya dunia, na Tanzania iko saa tatu mbele. Mafunzo yakianza Kigoma saa 2 asubuhi, hapa kwetu ni saa 1. Tena karatasi ya Kifaransa itasema «8 heures», na sisi tunaibadilisha kuwa saa 2 kwa kuhesabu kuanzia jua linapochomoza. Mtafsiri ana mabadiliko mawili ya kufanya, na yanaweza kuchanganyika. Ninashauri kuandika «saa 2 asubuhi, kwa saa za Tanzania».

5. Karatasi ya tatu: «congé»

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na linanisumbua zaidi, kwa sababu kila neno nililoandika lilikuwa sahihi.

Barua ilimpa mjomba «un congé de quinze jours» kuanzia Jumatatu baada ya mafunzo. Niliandika «likizo ya siku kumi na tano kuanzia Jumatatu». Mfaransa anaposema «quinze jours» katika mazungumzo ya kawaida anamaanisha wiki mbili, kama anavyosema «huit jours» akimaanisha wiki moja. Anahesabu siku ya kuanzia na siku ya kumalizia zote mbili. Mkubwa wa mjomba alimtarajia Jumatatu, wiki mbili kamili baada ya likizo kuanza. Ofisi ya Kigoma, iliyokuwa imejitolea kumtafutia nafasi kwenye meli ya kurudi, ilihesabu siku kumi na tano kama zilivyo: ya mwisho inaangukia Jumatatu, kazi Jumanne. Hakuna aliyekosea hesabu. Alifika ofisini Jumanne asubuhi na kukuta mezani karatasi ya kumtaka aeleze, ile tunayoiita «demande d'explication», ambayo kwa Kiswahili cha utumishi ni «barua ya kujieleza».

Alijibu kwa mistari mitatu, akaambatanisha tafsiri yangu. Mkubwa wake alielewa. Lakini karatasi ya kujieleza haitolewi ndani ya faili, inabaki humo pamoja na jibu lake, na atakayelifungua faili miaka kumi baadaye ataiona kwanza kabla ya kuona jibu.

Sheria ninayojiwekea tangu siku ile: idadi ya siku isisimame peke yake. Andika siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho, na siku ya kurudi kazini, kila moja na tarehe yake. Kama barua ya Kifaransa haisemi, mtafsiri asikisie. Amuulize mwenye barua, naye amuulize aliyeitia saini. Mjomba alikuwa mbele yangu siku ile, na ofisi yake haikuwa mbali. Ningeweza kuuliza.

Majina ya siku nayo yana mtego wake. Kwa Kiswahili cha pwani wiki inaanza Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ni ya tatu. Katika Kiswahili cha Katanga na sehemu nyingine za Kongo, «siku ya kwanza» ni Jumatatu, na «siku ya pili» ni Jumanne. Mtu wa Lubumbashi akimwambia Mtanzania «tuonane siku ya pili», huyo atawaza kesho yake, au Jumapili, au hatajua awaze nini. Katika barua tutumie majina ya juma, na tarehe daima.

Aina za likizo zinahitaji orodha fupi. «Congé de reconstitution» ni ya kurudisha nguvu baada ya mwaka wa kazi. Isiwe «likizo ya kujengwa upya», iwe «likizo ya mwaka». «Congé de circonstance» ni ya ndoa, kifo au kuzaliwa kwa mtoto. Kwa kuwa hakuna jina moja linalolingana nayo, taja sababu: «likizo kwa ajili ya msiba». «Congé de maternité» ni «likizo ya uzazi». «Congé de maladie» ni «likizo ya ugonjwa». Katika mazungumzo tunasema «konje» kwa zote, pamoja na wakati shule zimefungwa. Ng'ambo hawatalielewa.

Tukumbuke pia kwamba idadi za siku zinatoka katika sheria, na sheria hazilingani. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, zikihesabiwa mfululizo pamoja na sikukuu zinazoangukia ndani yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inataja siku zisizopungua 21 za kazi, yaani Jumapili haihesabiwi. Ukiona namba ndogo usiseme haraka kuwa ni likizo fupi. Uliza kwanza ni siku za namna gani.

6. Nani anatia saini, na kupitia kwa nani

Mtumishi aliyeazimwa ana wakubwa wawili. Anapoomba likizo swali la kwanza la ofisi ni: nani amekubali? Jibu limefichwa katika vifupisho. «S/C» juu ya barua ni «sous couvert de», yaani barua imepita mikononi mwa mkubwa fulani. Isitafsiriwe «chini ya kifuniko». Ni «Kupitia kwa». «P.O.» kabla ya saini inaonyesha kuwa aliyetia saini amefanya hivyo kwa agizo la mwingine. Barua za Tanzania zina «Kny», yaani «kwa niaba ya». «A.I.» ni «kaimu». Orodha ya chini, «transmis copie pour information», ni «Nakala kwa». Katika faili la mjomba nakala ya barua ya likizo ilikwenda wizarani kwake, na mimi niliiacha orodha hiyo kwa kudhani ni mapambo. Laiti ningeiandika, ofisi ya Kigoma ingeona kwamba wizara «iliyomtenga» inapewa habari za likizo yake, na huenda wangeshuku neno langu badala ya kumshuku yeye.

Mwisho wa barua ufupishwe. Kifaransa chetu cha ofisi kinamwomba msomaji apokee hisia bora au hisia za kizalendo za mwandishi. Ukiziweka kwa Kiswahili barua ya likizo inakuwa barua ya mapenzi. «Nakutakia kazi njema» inatosha, na ndivyo wanavyofunga barua wenzetu. Kadhalika «Monsieur» ni «Ndugu» au «Bwana». Mjomba alishangaa kijana wa mapokezi kumwita Ndugu, maana kwake ndugu ni wa damu au wa kanisani. Siku ya tatu alizoea.

7. Hitimisho

Kutokana na kisa hiki nimejitengenezea maswali matatu ambayo tafsiri ya karatasi za mtumishi aliyeazimwa lazima iyajibu kabla ya kutoka mkononi mwangu. Nani ni mwajiri wake? Nani anamlipa safari hii? Anarudi lini, tarehe gani, kwa ofisi ipi? Tafsiri inayoyajibu yote matatu inaweza kuwa na Kiswahili cha kawaida tu na ikamfikisha mtu. Isiyoyajibu, hata kama maneno yake yote yamo katika kamusi, itamwacha mlangoni.

Wapo wanaosema tuyaache maneno ya Kifaransa kama yalivyo, kwa kuwa hapa mjini kila mtumishi anajua «détaché» ni nini. Kwa matumizi ya Uvira nakubali. Lakini karatasi hizi zinavuka maji, na huko hakuna wa kuzieleza isipokuwa mwenye kuzibeba. Kwa hiyo napendekeza kitivo chetu kianze kukusanya istilahi za ofisi, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, tukianza na hizi tatu, na kuwaonyesha watumishi wenyewe kabla ya kuzikubali. Mjomba amesema atasoma orodha hiyo neno kwa neno, safari hii kabla ya meli.

Mjukuu alimwona, kwa siku zote za likizo. Siku mbili za mwanzo hakurudishiwa.

Mazoezi

a) Eleza kwa nini sentensi «Mradi umeazima ofisa mmoja wa wizara» ina utata, kisha iandike upya kwa namna mbili zisizo na utata.

b) Mtumishi anapewa «huit jours» kuanzia Alhamisi. Andika maswali mawili utakayomuuliza kabla ya kutafsiri.

c) Tafuta karatasi moja ya safari ya kikazi katika familia yako, ficha majina, na uorodheshe maneno ambayo msomaji wa Kigoma angeyaelewa vibaya. Kwa kila neno taja madhara yanayoweza kumpata mwenye karatasi.